Jinsi Nilivyokuwa Mlevi Kati ya Garissa na Mandera

Mimi ni Dahabo binti Abdi Warsame. Baba yangu alizaliwa kwenye visima vya Habaswein, katika mwaka wa ukame ambao wazee waliuita mwaka wa mifupa. Mama yangu, Fatuma Ismail, alizaliwa safarini, kati ya kisima kimoja na kingine, na kwa sababu hiyo hakuwahi kukubaliana na mtu yeyote kuhusu kwao ni wapi. Mimi nilizaliwa Modogashe. Sikusoma. Haya nayasema kwa lugha ya mama yangu, na mjukuu wangu Hodan, aliye kidato cha tatu, anayaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ninyi marafiki zangu wa sokoni, mnaouza mboga na samaki kando ya madumu yangu ya maziwa, hamkuzaliwa katika lugha moja nami.

Tangu nirudi hamjaniuliza mnachotaka kuniuliza. Mmenijulia hali mara tatu katika asubuhi moja, na mmoja wenu, ambaye simtaji, aliinama kana kwamba anaokota nyanya, akaninusa. Mmesikia kwamba mimi ni mlevi. Basi sikilizeni jinsi nilivyokuwa mlevi, na njia niliyopita.

Hodan, hapo usicheke. Andika.

Garissa, mji ambao hakuna anayekunywa

Mlevi ni mwanangu Yusuf, baba yake huyu anayeandika. Anajua kwamba ninayasema haya, na yeye mwenyewe amesema niyaseme.

Yusuf ni fundi wa pampu za visima, na kuanzia hapa hadi Dadaab sijasikia fundi anayemzidi. Lakini mwaka huu pampu moja iliharibika, wafugaji wakampigia simu kwa siku mbili, kumbe yeye amelala ndani ya gari la kazi, hajitambui. Ngamia huvumilia kiu. Wenye ngamia hawavumilii. Habari ikawafikia ndugu za mkewe, Habiba. Walikuja wanne, wakanywa chai yangu, wakasema kwa adabu kubwa kwamba Ramadhani ikiingia na Yusuf bado anakunywa, watamchukua dada yao na watoto wote watano wawapeleke kwao Moyale. Hodan ni mmoja wa hao watano. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Nilikuwa nimesikia redioni kwamba wapo watu walioacha pombe ambao huketi pamoja na kusaidiana. Nikaanza kuwatafuta hapa Galbet, mtaa wetu wa Garissa, kwa siri, nikisema ninauliza kwa niaba ya jirani wa binamu. Nikajibiwa kwamba katika mji huu hakuna anayekunywa, kwa hiyo hawezi kuwapo aliyeacha. Mzee mmoja anayeheshimika aliniambia hivyo, kisha, ili nielewe jinsi mji ulivyo safi, akanitajia nyumba sita zinazouza pombe, na mlango upi wa kugonga, na jina gani la kutaja unapogonga. Mahali pa kunywea nilielekezwa na watu wanane. Mahali pa kuachia hakuna aliyepajua.

Mwishowe muuguzi mmoja akaninong'oneza kwamba mkutano wa namna hiyo upo hapa hapa Garissa, si mbali na kwangu. Nikamshukuru, nikaukataa. Hapa watu wananijua hadi babu yangu wa saba. Nikamuuliza kama upo mwingine ulio mbali. Akasema upo Mandera. Nikamuuliza kama upo ulio mbali kuliko Mandera. Akasema baada ya Mandera ni Somalia. Nikasema Mandera itatosha.

Kizuizi kabla ya Modogashe

Nilifunga vitu vichache: msala wangu, birika la kutawadhia, kopo la nyirinyiri, yaani nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa vizuri katika samli, na kitu kimoja zaidi, ambacho lazima nikieleze kwa sababu ndicho kilichoniharibia jina.

Miaka miwili iliyopita nilipokwenda hospitali kwa sababu ya presha, daktari aliniagiza kwamba kila nikija nije na vidonge ninavyotumia, ili aone kwa macho yake. Niliona ni agizo la mtu mwenye akili. Kwa hiyo nilipokuwa nikijiandaa kumpeleka Yusuf kwa hao watu wa Mandera, nilifungua sanduku lake la spana, nikatoa chupa iliyofungwa katika kitambaa chenye grisi, nusu imejaa, nikaiweka chini ya kopo la nyirinyiri. Sikumwambia. Nilifikiri watakapouliza anatumia nini, nitawaonyesha.

Basi liliondoka alfajiri. Kabla ya Modogashe kuna kizuizi, na pale abiria wote walishushwa, wakasimama mstari mmoja na vitambulisho mkononi, mifuko yao imepangwa mchangani. Askari aliyekuwa akikagua mifuko alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyeomba radhi kwa kila zipu aliyofungua. Alipofika kwangu akatoa msala, akatoa birika, akatoa kopo, akainusa nyirinyiri na kuisifu. Kisha akatoa chupa.

Watu arobaini wakageuza shingo.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Nilimtazama Yusuf. Yusuf alikuwa akitazama viatu vyake. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, maana ilikuwa siku ya kwanza bila kinywaji, na nikajua kwamba mtu wa kwanza atakayeitazama ile mikono atapata jibu.

"Nyanya, hii ni yako?"

"Mfuko ni wangu," nikasema, "na kilichomo ni changu."

Mtanisamehe, lakini hakuna uongo katika maneno hayo. Nimeyapima tangu siku ile na sijauona.

Askari akaniuliza ninaipeleka wapi. Nikamwambia kwa watu wa Mandera wanaosaidia kuiacha. Akaifunga tena katika kitambaa chake, akairudisha mfukoni kwa mikono miwili, akasema, "Basi nenda nayo, nyanya. Mungu akusaidie." Afadhali angenitukana.

Modogashe, na mazishi ya chupa

Tuliporudi ndani ya basi, kiti changu kilikuwa kimekuwa kipana ghafla. Mwanamke aliyekuwa ameniegemea tangu Garissa aliona afadhali asimame.

Mjadala ukaanza: je, basi lililobeba chupa linaweza kuombewa dua ya safari? Aliyeuongoza alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi ambaye shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa miraa tangu tulipoondoka. Jina lake silijui. Mimi nilimwita Bwana Shavu. Alisimama katikati ya basi, akahutubia kwa muda mrefu, akasema kwamba kila kinachoipumbaza akili ni haramu, kichache chake na kingi chake. Kila alipotaja neno haramu alitumbukiza jani jingine. Alinena vizuri, sina la kumkosoa.

Iliamuliwa kwamba chupa haiwezi kuendelea, na haiwezi kutupwa barabarani, mtoto asije akaiokota. Lazima izikwe. Modogashe, mji niliozaliwa, wanaume watatu wakajitolea kuizika, Bwana Shavu akiwa mkuu wao. Wakaazima jembe, wakaenda nyuma ya maduka. Walikawia. Sisi wengine tulikunywa chai, tukaswali adhuhuri, tukanywa chai tena. Waliporudi walisema ardhi ilikuwa ngumu. Mmoja wao alimkumbatia dereva.

Wajir, ambako mwanangu alilishwa vizuri

Wajir tulilala, na asubuhi tukaenda kula katika hoteli ndogo karibu na stendi. Habari yangu ilikuwa imeshafika kabla ya chai. Mwenye hoteli, mama mnene mwenye sauti ya huruma, alinikaribisha kwa jina la edo, yaani shangazi, kisha akaniletea chai katika kikombe cha plastiki ambacho hakikufanana na vikombe vya wengine, na nilipokimaliza alikichukua kwa ncha za vidole.

Kila mwanamke aliyekuwa pale alikuwa na dawa yangu. Mmoja alisema habasoda na asali. Mwingine alisema mkojo wa ngamia jike ambaye hajazaa. Wa tatu, ambaye mumewe anatibu kwa kuchoma moto, alinishika tumbo katikati ya watu, akaonyesha pahali patatu pa kuchomwa. Niliwashukuru wote. Nimekuwa nikitoa ushauri wa aina hiyo maisha yangu yote, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuupokea.

Yusuf wakamwita mwana wa peponi. Kijana gani siku hizi, wakasema, anayemchukua mama yake mlevi hadi Mandera badala ya kumfungia chumbani? Wakamwekea magotini sahani kubwa ya nyama ya ngamia, na pasta juu, na ndizi juu ya pasta. Alikula kipande cha kwanza haraka, kama mtu aliyeokoka. Cha pili alikitafuna muda mrefu. Cha tatu alikishika, akakirudisha.

"Hooyo," akaniambia kwa sauti ya chini, na hivyo ndivyo tunavyomwita mama, "niwaambie?"

Nikamwambia ale, chakula cha watu kisiharibike.

Hilo nalijutia. Nililisema kwa kiburi. Nilikuwa nimeanza kuona fahari kumbebea.

Laga, na siku nzima ya kutazama maji

Baada ya Wajir, kabla ya El Wak, kuna laga, yaani mkondo wa mchanga ambao mwaka mzima ni barabara tu na siku moja huwa mto. Tuliukuta katika siku yake hiyo moja. Maji mekundu yalikuwa yakipita na miti mizima. Dereva alishuka, akatupa jiwe, akasikiliza, akasema tungoje. Tulingoja kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Yusuf alitetemeka. Alitokwa na jasho, akatapika mara mbili nyuma ya kichaka, akarudi na midomo myeupe. Abiria wakanitazama kwa lawama: ona jinsi anavyomwua mwanawe kwa huzuni. Mwanamke mmoja akamfunika kwa shuka yake mwenyewe. Mimi hakuna aliyenipa hata kivuli, na jua la kule mnalijua.

Adhuhuri ilipopita nikamwona Bwana Shavu akimwita Yusuf kando. Walikaa chini ya ukingo wa laga, mbali kidogo, lakini macho yangu bado ni mazima. Bwana Shavu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa chenye grisi. Nilikijua kitambaa kile. Inaonekana marehemu hakuwa amezikwa wote.

Nadhani alimhurumia kweli. Alimpigapiga bega, akamwambia maneno, bila shaka kuhusu mzigo wa mama wa namna hii. Akamwekea chupa mkononi.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele gani? Kama ningesema, "Yusuf, usinywe," basi lote lingejua mlevi ni nani. Na miongoni mwa abiria kulikuwa na wawili waliotoka Moyale, mji wa shemeji zake. Nilisimama pale nimefumba mdomo, nikaona mwanangu ameshika chupa, na sikuweza kumlinda bila kumfichua. Niligeuza uso nikatazama maji.

Aliporudi akaketi kando yangu. Mimi nilimnusa mtoto huyu tangu alipokuwa akinyonya, na ningejua kwa pumzi moja. Sikumnusa.

Saa kumi maji yakapungua, tukavuka kwa miguu, basi likafuata tupu, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa yeye.

Mandera, kwa wagonjwa wa sukari

Mandera nayo, tuliambiwa, hakuna anayekunywa. Niliuliza kwa muuza maji, kwa muuza simu, kwa walinzi wa benki. Mwishowe dereva wa tuktuk akanitazama, akamtazama Yusuf, akasema kwamba walevi hawapo, lakini kama tunatafuta wagonjwa wa sukari, hukutana leo baada ya alasiri.

Wanakutana katika ghala la muuguzi mmoja mstaafu, ambaye nitamwita Mzee Issack, na hilo si jina lake. Mlangoni pameandikwa habari za sukari ili watu waingie bila haya. Walikuwa wanane, katika viti vya plastiki, na thamosi ya chai katikati. Mmoja wao alikuwa na ugonjwa wa sukari kweli. Aliingia miezi mingi iliyopita kwa kulifuata bango, akaupenda mkutano, akabaki. Wawili walitoka Garissa. Nilipoonyesha mshangao, Mzee Issack akanieleza kwamba ni kawaida: wa Garissa huja Mandera wasijulikane, na wa Mandera huenda Garissa, na pengine mabasi yao hupishana El Wak.

Akatueleza desturi zao. Kila mtu hutaja jina lake moja tu. Mmoja anaposema, wengine hawamjibu. Mimi nimeketi katika vikao vya wazee ambamo mtu huanza kujibiwa kabla hajakaa, na sikuona jambo la maana linawezaje kuamuliwa namna hiyo. Jina moja tu nalo ni jina la mbuzi. Kwa hiyo zamu yangu ya kujitambulisha ilipofika nilijitambulisha kama watu: Dahabo, binti Abdi, mwana wa Warsame, mwana wa Guled, na nikaendelea. Nilipofika kwa babu wa sita, mtu aliyekuwa karibu na mlango, mmoja wa wale wa Garissa, akafunika uso kwa viganja vyake. Yeye ni mjukuu wa mjomba wangu. Alikuwa amesafiri njia yote ile kunikimbia mimi na wenzangu.

Nikakoma kwa babu wa sita.

Mzee Issack hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba habari zangu zilikuwa zimeletwa na abiria wa basi, kwamba ujasiri wa mwanamke wa umri wangu umewagusa wote, na kwamba niseme nikiwa tayari. Viti vyote vikageuka kwangu. Yule mwenye sukari alinitikisia kichwa kunipa moyo.

Mfuko ulikuwa wangu na kilichomo kilikuwa changu, lakini hapa hakuna aliyeuliza kuhusu mfuko, na kusema uongo mbele ya watu waliotoka mbali kusema kweli, hilo sikuliweza. Kusema kweli nako hakukuwa kazi yangu. Chai ilipoa. Nje mtu alikuwa akigonga bati, akaacha.

Yusuf akasimama.

"Mimi ni Yusuf," akasema. "Mama yangu hajawahi kuonja. Chupa ilikuwa yangu. Askari alipouliza ni ya nani, nilitazama viatu vyangu. Watu wakanilisha nyama, wakanisifu, nikala. Juzi pale laga nilikunywa tena. Alikuwa amesimama juani, aliniona, akageuza uso. Sijui nitaacha vipi. Lakini sitaki anibebee tena."

Akaketi. Nilingoja. Nilidhani mtu atalia, au atasoma aya, au atamgombeza, maana mtu akisema maneno kama yale lazima kitu kitokee. Mzee Issack akasema, "Ahsante, Yusuf," akammiminia chai. Basi. Wakaendelea na mtu mwingine. Nilikasirika hadi tukarudi barabarani, na ndipo nikaona kwamba Yusuf alikuwa akitembea mbele yangu, na kwa siku tatu alikuwa akitembea nyuma.

Nyumbani tena

Kurudi sikusimulii. Laga ilikuwa imekauka na hakuna aliyezungumza nasi.

Lakini tulipofika Garissa tulikuta jambo la ajabu. Ndugu za Habiba walikuwa wamesikia habari yangu, na mioyo yao ilikuwa imelainika. Kumbe mlevi ni mama, walisema. Ndiyo maana mwana alichanganyikiwa. Wakatuma salamu kwamba hawamchukui dada yao, masikini Yusuf ana mtihani wa kutosha. Uongo ule ambao sikuusema ulikuwa umetupa kila nilichokifuata Mandera. Nilimwambia Yusuf anyamaze, tumshukuru Mungu.

Hakunyamaza. Alipanda gari kwenda Moyale peke yake, akakaa mbele ya wale wanne, akawaambia ni yeye. Wakarudi kwa neno lao la kwanza: hadi Ramadhani. Sasa kila Jumanne anakwenda kwenye mkutano ule wa hapa Galbet, ulio hatua mia mbili kutoka mlango wangu, mchana kweupe, na mjukuu wa mjomba wangu anakwenda naye.

Nanyi marafiki zangu, mliyekuwa mkimnusa ni mimi, si Yusuf. Msianze kumnusa yeye.

Hodan, sasa sikiliza cha kubakiza. Jina la Mzee Issack liache lilivyo, lile la uongo. Aliyekuwa mlangoni usimweleze zaidi ya hapo. Bwana Shavu mbakize mzima, pamoja na miraa yake. Maneno aliyoyasema baba yako akiwa amesimama yaache kama nilivyokuambia, usiyapambe kwa Kiswahili cha shule. Na pale mwisho naona kalamu yako inataka kuandika kwamba ameacha. Usiandike hivyo, wala usiandike kwamba amepona, hata kama unalitaka kuliko mimi. Andika: leo hajanywa. Kisha nisomee yote kutoka juu. Kusoma sijui, lakini nitajua ukiongeza neno.